Sekunde Mbili za Mwisho: Kukwepa Kugongana Ukiwa na Pikipiki, Mtwara na Lindi

Unatoka Mikindani kuingia Mtwara mjini, spidi 50, barabara nyeupe. Mbele kuna bajaji imewasha indiketa ya kulia, inangoja nafasi ikate kuingia kichochoro kilicho upande wako. Dereva wake anatazama kulekule unakotoka. Wewe unasema moyoni, "kaniona huyu." Kisha anakata.

Ajali ya namna hii ina historia ndefu. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali zipatazo 900 za pikipiki, walizozichunguza moja moja huko Los Angeles. Waliona kwamba pikipiki inapogongana na gari, mara nyingi gari limekata mbele yake kwenye makutano. Huko wanaendesha upande wa kulia, hivyo gari hukata kushoto. Kwetu geuza, ni gari linalokuja mbele yako na kukata kulia. Tena tangu hatari ianze mpaka kugongana, dereva wa pikipiki kwa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde 2. Na wengi waliutumia vibaya muda huo: walikanyaga breki ya mguu mpaka tairi la nyuma likaserereka, na breki ya mkono wakaishika kidogo mno au wasiiguse kabisa.

Kila hatua iliyo hapa chini inalenga kitu kimoja, kuongeza muda huo. Ukiiona hatari sekunde 4 kabla badala ya 2, unapunguza mwendo tu na safari inaendelea.

Hesabu ya kukariri

Kusimama kuna sehemu mbili. Kuna umbali unaokwenda ukiwa umeshtuka lakini breki bado haijashika, kisha umbali wa breki yenyewe. Chukua sekunde 1 ya kushtuka, lami kavu, tairi nzima na dereva anayejua kushika breki zote mbili:

Spidi 30: mita 8 za kushtuka, mita 6 za breki, jumla 14.
Spidi 50: mita 14 na 16, jumla 30.
Spidi 60: mita 17 na 23, jumla 40.
Spidi 80: mita 22 na 41, jumla 63.

Tazama tofauti ya 50 na 60: mita 10, karibu urefu wa basi kubwa. Na pale ambapo wa spidi 50 ameshasimama kabisa, wa spidi 60 bado anakwenda kama 40. Kwa hiyo kikomo cha 50 kwenye makazi ya watu hakikuwekwa kwa ajili ya trafiki peke yake. Ukibeba abiria, lami ikiwa na maji au tairi ikiwa kipara, ongeza umbali. Kwenye mchanga hesabu hii haifanyi kazi kabisa.

Kabla hujawasha

Dakika tatu zinatosha. Anza na breki. Wenzo wa breki ya mkono ya dramu uwe na mchezo wa sentimita 1 hadi 2 kabla haijaanza kushika, na pedali ya mguu sentimita 2 hadi 3. Ukiona wenzo unakaribia kugusa mpini, kaza nati ya waya. Kama nati imefika mwisho, breki shuu zimekwisha, nenda kwa fundi. Sukuma pikipiki hatua chache ujaribu kila breki peke yake.

Kisha taa ya breki. Wengi huijaribu kwa mguu tu, ikiwaka wanaridhika. Swichi ya breki ya mkono ni nyingine, na ndiyo hufa mapema kwa vumbi na maji. Ikifa, kila ukipunguza mwendo kwa mkono, gari la nyuma halina habari. Jaribu zote mbili huku umeweka kiganja nyuma ya taa.

Tairi: pikipiki nyingi za 125 na 150 hutaka upepo wa PSI 25 hivi mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Namba kamili imeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko cha pikipiki yenyewe. Pima tairi ikiwa ya baridi. Vijistari vya tairi vikibaki chini ya milimita 1.6 badilisha, hasa kabla ya masika.

Vioo vya pembeni virudishwe. Vijana wanavivua ili wapenye vizuri kwenye foleni, na hapo ndipo wanapokuwa vipofu wa nyuma. Tegesha kila kioo uone ncha ya bega au kiwiko chako pembeni kidogo, na sehemu yote iliyobaki ionyeshe barabara. Hata hivyo kuna eneo karibu na bega ambalo kioo hakilioni, kwa hiyo kabla ya kuhama upande geuza kichwa mara moja, haraka, kisha urudi mbele.

Helmeti ni ile inayofunika kidevu, yenye mkanda uliofungwa kikamilifu. Kioo chake kikiwa na mikwaruzo mingi, badilisha kioo, kwa sababu usiku kila taa inayokuja itakuwa nyota kubwa machoni.

Mwili wako nao ukaguliwe

Anayeendesha tangu saa 11 alfajiri mpaka saa 2 usiku anachoka bila kujua. Dalili ni hizi: hukumbuki tuta ulilopita, unashtuka abiria akikuita mara ya pili, pikipiki inatembeatembea ndani ya njia yako, au unaanza kuchelewa kushika breki. Ukiona mojawapo, simama kivulini, kunywa maji, lala dakika 15 hadi 20. Kupiga uso maji na kuongeza muziki kunakudanganya kwa dakika chache tu.

Jua la pwani linachukua maji mwilini kuliko unavyodhani, kwa sababu upepo unakausha jasho kabla hujaliona. Beba chupa. Na msimu wa korosho, mabibo yanapokuwa tele na uraka, pombe ya mabibo, unauzwa kila kona, usionje ukiwa kazini. Kikombe kimoja hakitakuangusha chini, lakini kitaiongeza ile sekunde 1 ya kushtuka, na kwenye spidi 50 kila nusu sekunde ni mita 7.

Simu ikiita, egesha. Vipokea sauti masikioni vinakunyima honi ya gari la nyuma, kitu ambacho kioo hakiwezi kukulipia.

Macho: yatazame wapi, kwa utaratibu gani

Kosa la wengi ni kutazama tairi la mbele au gari lililo mbele tu. Macho yawe yanazunguka: mbali, kiasi cha utakapokuwa baada ya sekunde 10 hadi 12; karibu, sekunde 3 au 4; vioo; deshibodi kidogo; kisha mbali tena. Mzunguko mzima usizidi sekunde 5 hadi 8. Kitu kimoja kisikushike jicho zaidi ya sekunde moja, hata kama ni ajali ya wenzako.

Jizoeze kutaja hatari kwa sauti ndani ya helmeti: "daladala kushoto, mtoto ana mpira, gari linarudi nyuma." Inaonekana jambo la kitoto, lakini anayetaja hatari anaitafuta. Anayekaa kimya huota.

Kwenye makutano usimtazame dereva usoni ukadhani mmekubaliana. Jicho lake linaweza kupita juu yako lisikusajili, kwa sababu linatafuta gari, na pikipiki ni nyembamba. Kitu chembamba pia huonekana kiko mbali zaidi na kinakuja taratibu kuliko kweli, hivyo hata aliyekuona anaweza kukosea hesabu na kukata. Tena nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele cha gari ina upana wa kutosha kukuficha mzima mzima. Kwa hiyo tazama tairi lake la mbele. Tairi likianza kuzunguka au kupinda, ameshaamua.

Daladala au basi likiwa limesimama kushoto, chungulia chini yake. Ukiona miguu upande wa mbele, mtu anatokeza. Mabasi yakisimama Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, wachuuzi hukimbilia madirishani wakiwa na macho kwa wateja. Hapo shuka mpaka 20 au chini yake.

Jua nalo lina kanuni yake. Kivuli chako kikiwa kirefu na kimelala mbele yako, dereva anayekuja ana jua machoni wala hakuoni. Jioni ukirudi mjini kutoka Mikindani jua liko mgongoni, wewe unaona kila kitu vizuri kabisa, na hapo ndipo wanaokuja wanapokuwa vipofu. Washa taa kubwa ya mbele mchana kutwa. Haili mafuta ya kuhesabika.

Ukae wapi ndani ya njia yako

Gawa njia yako mafungu matatu: kushoto, katikati, kulia. Bodaboda wengi wamezoea kujibanza pembeni kabisa kushoto kana kwamba barabara ni ya wenye magari. Huko kuna mchanga, ukingo wa lami uliokatika, watembea kwa miguu na milango ya magari inayofunguliwa ghafla. Baya zaidi, gari la nyuma linaona nafasi ya kukupita hata kama lingine linakuja mbele, linakubana, na huna pa kwenda isipokuwa kwenye bega la barabara.

Mahali pa kawaida ni fungu la kulia au katikati kidogo, kisha unabadilika kulingana na hatari. Magari yameegeshwa kushoto: sogea kulia mpaka upate mita 1 na zaidi kati yako na milango. Lori kubwa linakuja mbele: rudi kushoto kidogo ili upepo wake usikuyumbishe na kama kuna anayelipita usiwe njiani mwake. Gari linataka kutoka kichochoro cha kushoto: sogea kulia, akuone mapema na ukipata la kupata uwe na nafasi. Foleni ya mjini ikisimama, usisimame katikati ya bampa mbili. Simama pembeni, gia ya kwanza ikiwa imeingia, jicho kwenye kioo mpaka la nyuma lisimame.

Nafasi ya mbele iwe sekunde 3. Chagua nguzo; gari la mbele likiipita, sema kwa mwendo wa kawaida "Mtwara kuchele" mara tatu. Kila moja inachukua sekunde moja hivi. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha sema mara tano. Watu watachomekea kwenye nafasi hiyo, ndiyo. Achia mafuta kidogo uitengeneze upya. Kila anayechomekea anakupotezea sekunde chache tu.

Makutano na anayekata kulia

Ukiona chombo kinachokuja mbele kimepunguza mwendo, kimesogea katikati ya barabara au kimewasha indiketa, chukulia kitakata. Achia mafuta mapema. Weka vidole viwili juu ya breki ya mkono na unyayo juu ya breki ya mguu, bila kukandamiza. Hilo peke yake linaweza kukuokolea karibu nusu sekunde. Shuka mpaka 40 au 35. Kama kuna gari mbele yako, usijifiche nyuma yake: anayengoja kukata ataliacha lipite kisha akate papo hapo, akikukuta wewe uliyekuwa kivulini mwake. Ongeza nafasi, au sogea upande ambao atakuona. Kuyumba kidogo ndani ya njia yako, kushoto kisha kulia, kunavuta jicho kuliko kwenda moja kwa moja. Honi fupi mbili, mapema. Honi inayopigwa sekunde ya mwisho inachukua tu kidole kilichotakiwa kwenye breki.

Kwenye kipilefti toa nafasi kwa waliomo, na usimpite mtu ubavuni ndani yake. Gari linalotaka kutoka litakufagia.

Malori

Barabara ya Masasi hadi Mnazi Mmoja na ile ya Mnazi Mmoja hadi Mtwara zinabeba makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandarini, korosho wakati wa msimu, na saruji inayotoka kiwandani upande wa Mtwara. Lori refu lina sehemu nne ambazo dereva wake hakuoni: mbele kabisa chini ya kioo, nyuma ya tela, na mbavu zote mbili, ya kushoto ikiwa ndefu zaidi kwa sababu yeye amekaa kulia. Kama huoni uso wake kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Usipenye kushoto mwa lori kwenye makutano, hata nafasi ikiwa pana. Lori linalotaka kukata kushoto huanza kwa kujitanua kulia, hivyo kushoto kunaonekana kumefunguka. Kisha tela linafuata njia fupi na kufunga ile nafasi yote, matairi ya nyuma yakipita pale uliposimama.

Indiketa za malori zina lugha mbili. Ya kulia yaweza kuwa "nakata" au "usipite, kuna kitu kinakuja". Zote mbili maana yake kwako ni subiri. Ya kushoto yaweza kuwa "pita" au "naegesha". Ichukue kama habari tu, na usipite mpaka macho yako mwenyewe yameona barabara tupu.

Kulipita: kaa nyuma sekunde 3 au zaidi, fungu la kulia, uone mbele. Hakikisha hakuna kona, kilima, kichochoro cha kulia wala mstari usiokatika. Kioo, geuza kichwa, indiketa, kisha gia ya chini yenye nguvu. Pita ukiwa na mita 1.5 kutoka ubavuni mwake, bila kukaa sambamba naye. Ukikaribia kichwa cha lori, tegemea upepo ulioukinga ukupige ghafla. Shika mpini imara bila kukakamaa. Rudi kushoto pale unapoona mbele yote ya lori kwenye kioo chako. Lori lenye mzigo lina kikomo cha 80. Kama pikipiki yako inachemka kwa 85, kulipita kutachukua kilomita moja au zaidi. Acha.

Breki ya dharura

Hii haifundishiki barabarani siku ya ajali. Tafuta lami tupu, asubuhi ya Jumapili, na ufanye mara 10 kwa spidi 30, kisha 40, kila mwezi.

1. Pikipiki iwe wima, mpini umenyooka, macho mbali mbele.
2. Funga mafuta na ubane klachi kwa wakati mmoja.
3. Breki ya mkono ikamue kama unavyokamua tui: mguso, kisha nguvu inaongezeka mpaka mwisho. Uzito wote unahamia mbele, tairi la mbele linabanwa chini, ndiyo maana nguvu kubwa ya kusimama iko huko. Ukiibana ghafla kabla uzito haujahama, tairi litafunga.
4. Breki ya mguu ikandamize kwa kiasi, kisha ilegeze kidogo kadiri nyuma inavyokuwa nyepesi.
5. Banisha magoti kwenye tangi ili mikono isibebe mwili.
6. Shuka gia mpaka ya kwanza, tazama kioo. Wa nyuma yako naye anahitaji kusimama.

Tairi la mbele likifunga, achia mara moja na ubane upya kwa upole. La nyuma likifunga na pikipiki imeanza kukaa mshazari, usiachie ghafla kwa spidi kubwa. Itashika tena na kukurusha. Iache inyooke.

Kukwepa ni njia ya pili, na inahitaji nafasi. Kwenda kulia, sukuma mpini wa mkono wa kulia mbele. Kushoto, mkono wa kushoto. Wengi hufanya hivi bila kujua, kisha kwenye hofu wanavuta kinyume. Usishike breki na kukwepa kwa pamoja: shika, achia, kwepa, au kwepa, nyooka, shika. Na macho yaende kwenye nafasi iliyo wazi. Ukilikodolea macho lori, utaligonga lori.

Mchanga, mvua ya kwanza, usiku

Udongo wetu ni mchanga, na matairi yanauleta kwenye lami kwenye kila kichochoro. Maliza kupunguza mwendo kabla hujaufikia, pita wima, mikono laini. Mvua za kwanza baada ya kiangazi hukuta lami ina vumbi na mafuta. Nusu saa ya mwanzo ndiyo mbaya zaidi kwa utelezi, na kwetu huangukia palepale malori ya korosho yanapokuwa mengi. Simama uchochoroni mpaka maji yaoshe barabara.

Usiku taa ndogo ya pikipiki nyingi inaonyesha vizuri mita 30 au 40 tu. Rudi kwenye hesabu ya juu: hiyo ni spidi 50, basi. Taa moja inayokuja si lazima iwe pikipiki, huenda ni lori lenye taa iliyokufa, na hujui ni ya upande gani. Kaa kushoto kabisa mwa njia yako. Matawi ya miti barabarani maana yake kuna gari limeharibika mbele, mara nyingi lori lisilo na taa hata moja, kwa hiyo ukiona hata majani machache punguza papo hapo. Anayekuja akikupiga taa kali, tazama ukingo wa kushoto wa lami mpaka apite. Vaa kizibao chenye rifleketa juu ya begi, kwa sababu begi likiwa juu yake rifleketa haipo.

Ukiponea chupuchupu, egesha dakika 5. Mikono itatetemeka na kichwa kitamlaumu yule mwingine, na huenda ndiye mwenye kosa kweli. Iache lawama kando kwanza, jiulize: ile sekunde 4 kabla, nilikuwa natazama nini, na vidole vyangu vilikuwa wapi?